Bunduki Nzuri na Hoja Mbaya

Katika Nyanda za Juu za Kusini, toka Iringa na Mufindi mpaka Mbeya na Mbozi, zimebaki bunduki chache za kuwindia ambazo viwanda vilivyozifanya ama vimekwisha kufungwa, ama vimeacha kuzifanya kwa namna ile ya zamani. Zililetwa na walowezi, maofisa wa serikali na wachimba dhahabu wa Lupa, nyingi katika zama kabla ya vita vikuu vya pili, na chache baada yake. Wenyewe wa kwanza wamekufa au wamekwenda zao. Bunduki zimesalia, na pamoja nazo limesalia swali: tuzifanye nini?

Juu ya swali hili husikika hoja tatu. Ya kwanza ni ya mwenye kuabudu, asemaye kuwa bunduki hizi ni alama ya uungwana wa uwindaji uliopotea. Ya pili ni ya mwenye kulaani, asemaye kuwa ni takataka za ukoloni na yafaa zitiwe katika tanuri. Ya tatu ni ya mwenye kuhifadhi pasipo kutumia, asemaye kuwa zifungiwe katika kabati la kioo zisipigwe tena milele. Nakusudia kuonyesha kuwa hoja zote tatu ni mbaya, na kwamba ubaya wao unatoka katika chemchemi moja: wasemaji wote watatu hawaijui kazi ya kitu wanachokisema.

Basi tuanze na kitu chenyewe. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Bunduki ninayoizungumza ni ile ya komeo: chuma cha mviringo chenye mkono, ambacho mpigaji hukiinua, hukivuta nyuma kulitoa ganda, kisha hukisukuma mbele kutia risasi mpya na kufunga chumba. Mfano uliokuwa baba wa mingine mingi ulitengenezwa na Paul Mauser, mjini Oberndorf katika Ujerumani, ukapokewa na jeshi la nchi ile katika mwaka 1898. Siri yake iko katika ukucha mrefu wa chuma ulio ubavuni mwa komeo. Ukucha huo huikamata risasi katika ukingo wa tako lake mara itokapo ghalani, nao hauiachi mpaka itupwe nje. Mtu mwenye hofu, nyati akimjia, huweza kulivuta komeo nusu na kulisukuma tena. Katika bunduki isiyo na ukucha huo, risasi ya kwanza hubaki chumbani, ya pili huisukuma kwa nyuma, na bunduki hukwama. Katika bunduki ya Mauser kosa hilo ni gumu kutokea, kwa maana risasi isiyoachwa na ukucha haibaki nyuma komeo lirudipo.

Kazi hiyo ilikuwa ya gharama. Mwili wa bunduki ulichongwa katika pande moja la chuma kilichofuliwa, ukakatwa, ukasuguliwa na kupimwa na mafundi wengi mmoja baada ya mmoja. Kitako kilitoka katika mti wa jozi, kikasuguliwa kwa mafuta na kuchorwa miraba midogo midogo shinikoni ili mkono usiteleze. Baada ya mwaka 1945 kiwanda cha Oberndorf kilivunjwa na Wafaransa walioikalia nchi ile, na ufuaji wa bunduki zile ukakoma. Katika Marekani, kampuni ya Winchester ilianza katika mwaka 1936 kufanya bunduki ya Model 70 yenye ukucha wa namna hiyohiyo; katika mwaka 1964 ikaubadili mfano kwa ajili ya kupunguza gharama, na ukucha ukaondolewa. Wapenzi wa bunduki walinung'unika kwa miaka karibu thelathini, hata ukucha ukarudishwa katika miaka ya 1990. Kwa hiyo sifa ya bunduki hizi si ndoto tupu. Ziliundwa vema, na mtu mwenye haki hana budi kulikiri jambo hilo kabla hajasema neno jingine.

Sasa tuisikilize hoja ya mwenye kuabudu. Husema kuwa zamani mwindaji alikuwa mwungwana kwa sababu silaha yake ilikuwa ya kiungwana. Alipiga risasi moja, akaua kwa huruma, akamheshimu mnyama. Uharibifu, asema, ulikuja na silaha mbovu na watu wasio adabu. Akipenda, chongo huita kengeza.

Kwanza, bunduki ya komeo haikuzaliwa mwungwana. Mwungwana wa siku zile alikuwa mwenye bunduki ya mitutu miwili iliyofanywa London kwa bei iliyomtisha hata tajiri. Komeo lilikuwa la mtu wa kawaida. Katika mwaka 1905 fundi mmoja wa Berlin, Otto Bock, alitengeneza risasi ya milimita 9.3 ambayo iliweza kuingia katika bunduki ya Mauser ya kawaida. Iliwafaa wakulima na walowezi wa makoloni ya Ujerumani katika Afrika waliotaka silaha moja, ya bei nafuu, iwezayo kuua pofu kwa nyama na kumzuia ndovu shambani. Hiyo ndiyo bunduki ambayo leo hupanguswa kwa kitambaa cha hariri na kuitwa ya kifalme. Jembe la jana limevikwa taji.

Pili, historia haishuhudii kuwa bunduki nzuri ilimfanya mtu kuwa mwema. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja katika Uganda, aliua ndovu zaidi ya elfu moja, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya Rigby iliyojengwa juu ya mtambo wa Mauser, yenye risasi ya milimita 7. Alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno apate kujua ubongo ulipo, ili risasi ndogo itende kazi ya risasi kubwa. Shabaha yake ilikuwa ajabu, na bunduki yake ilikuwa nzuri. Je, ndovu elfu moja waliona uungwana gani? Pembe zao zilikwenda sokoni kama zilivyokwenda pembe zilizopatwa kwa gobore.

Nasi tuna mfano wa karibu zaidi. George Rushby alianza maisha yake katika Afrika kwa kuwinda pembe, na hakujali sana mipaka ya sheria. Baadaye akawa ofisa wa idara ya wanyama wa pori katika Tanganyika, na katika miaka ya 1940 alitumwa kuwaandama simba wala watu wa Njombe, ambao husimuliwa kuwa waliua watu zaidi ya elfu moja katika muda wa miaka kadha. Alipambana nao yeye na askari wake wa pori mpaka maafa yakakoma. Habari hizo aliziandika katika kitabu chake kilichotoka katika mwaka 1965. Hapa yuko mtu mmoja mwenye bunduki za namna moja. Katika nusu ya kwanza ya maisha yake aliua ndovu kwa faida. Katika nusu ya pili alilinda watu wa Ubena na Wanging'ombe wapate kulima na kulala. Kilichobadilika ni kazi aliyopewa na sheria aliyoitii. Chuma kilikuwa kilekile. Uungwana, basi, tusiutafute katika mti wa jozi.

Tatu, na hapa mwenye kuabudu hunyamaza kabisa, ni lazima tuulize nani aliruhusiwa kuishika bunduki hiyo. Katika tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba ambao, pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa, ulikataza kuingiza bunduki za mitutu ya mifuo na silaha nyingine bora katika sehemu kubwa ya Afrika, toka digrii 20 kaskazini ya Ikweta mpaka digrii 22 kusini. Silaha bora ziliachwa kwa serikali na kwa watu walioaminiwa nazo. Iliyoweza kuuzwa kwa wenyeji ilikuwa bunduki ya gumegume isiyo na mifuo na baruti ya kawaida. Mlango uliofunguliwa kwa nia ya kuwaokoa watumwa ulifungwa kwa kufuli la ukoloni. Serikali zilizofuata ziliendelea na desturi hiyo: mlowezi alipata kibali cha bunduki ya komeo, na Mwafrika aghalabu aliachiwa gobore. Kisha mwenye gobore, ambaye risasi yake ya kuokota huenda upande ipendao, akaitwa mwindaji katili ajeruhiye wanyama! Kwanza alinyimwa chombo, halafu akalaumiwa kwa kukosa matunda ya chombo. Msomaji ahukumu mwenyewe kama huo ni uungwana.

Wala tusiwasahau watu ambao picha za wawindaji huwaonyesha wamesimama pembeni bila majina: mbeba bunduki na mfuata nyayo. Aliyeiona alama ya kwato katika majani makavu alikuwa wao. Aliyeisafisha bunduki jioni kwa maji ya moto alikuwa wao. Aliyesimama nyuma ya bwana na bunduki ya pili, haruhusiwi kuipiga wala haruhusiwi kukimbia, alikuwa wao. Sifa ya risasi moja iliyoua ilikuwa ya watu watatu, lakini iliandikwa kwa jina moja.

Baada ya kusema hayo, mtu aweza kudhani kuwa nasimama upande wa mwenye kulaani. La, sivyo. Hasira hasara. Mwenye kulaani husema kuwa kitu kilicholetwa na mkoloni kiyeyushwe, nasi tutakuwa safi. Namwuliza: ataanzia wapi? Iringa, bunduki ya komeo haikuingia kwanza kama chombo cha starehe ya mlowezi. Katika tarehe 17 Agosti 1891, Emil von Zelewski aliingia Lugalo na jeshi lenye bunduki za Mauser na mizinga. Wahehe wa Mkwawa waliwangoja vichakani, wakawarukia kwa mikuki wakati askari walipokuwa katika msafara mrefu, wengi hawajapata nafasi ya kupiga zaidi ya mara moja au mbili. Zelewski aliuawa, na bunduki zipatazo mia tatu zikatwaliwa na Wahehe pamoja na mizinga. Bunduki bora ilishindwa siku ile na maarifa ya ardhi na ushujaa uliopangwa. Ngome ya Kalenga ilibomolewa katika mwezi wa Oktoba 1894, na Mkwawa, baada ya kuandamwa kwa miaka, alijiua kwa risasi katika mwezi wa Julai 1898 ili asitiwe mikononi mwa adui.

Bunduki zilizotekwa Lugalo ni za nani, basi? Ni takataka za mkoloni, au ni ushahidi wa ushindi? Fuvu la Mkwawa lenyewe lilichukuliwa Ujerumani, likadaiwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, wala halikurudi Kalenga mpaka mwezi wa Juni 1954. Watu waliongoja miaka zaidi ya hamsini kurudishiwa ushahidi wao hawafai kufundishwa kuchoma ushahidi. Shtaka lisilo na kielelezo hufutwa. Siku kielelezo kitakapoyeyushwa, mwenye kuabudu ndiye atakayefurahi, kwa kuwa atasimulia hadithi yake ya uungwana pasipo mtu wa kumwonyesha namba ya kiwanda, mwaka wa kufanywa, na kibali kilichokuwa na jina la mtu wa rangi moja tu.

Mwenye kulaani ana hoja ya pili iliyo nzito zaidi: ndovu. Husema kuwa katika nchi ambayo hesabu ya ndovu ilishuka toka kiasi cha 109,000 katika mwaka 2009 hata kiasi cha 43,000 katika mwaka 2014, kusema wema wowote juu ya bunduki za kuwindia ni kukosa haya. Uchungu huo ni wa haki, na Ruaha ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia. Lakini mauaji yale yalikuwa biashara ya magendo yenye wanunuzi wa ng'ambo, wachukuzi na walinzi wala rushwa, nayo ilitumia silaha yoyote iliyopatikana. Bunduki chache zilizoandikwa katika daftari la polisi, zenye mwenyewe ajulikanaye na risasi zisizopatikana madukani, si chombo ambacho jangili angekichagua. Ukitaka kumkomesha jangili, kamata mfuko unaomlipa. Wala simwombei mtu yeyote ruhusa ya kuwinda pasipo leseni. Nchi hii ilikwisha kuona haja ya kuusimamisha uwindaji wote toka mwaka 1973 mpaka 1978, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 ina masharti yake. Masharti hayo yakae.

Yabaki maneno ya mtu wa tatu, mpole kuliko wenzake, na kwa sababu ya upole wake ndiye mwenye kupotosha zaidi. Husema: mweke bunduki ndani ya kioo, msiiguse. Kila risasi hupunguza thamani yake. Lakini thamani ipi? Akisema thamani ya mnada wa London, basi amekuwa dalali wala si mhifadhi. Bunduki iliyo mikononi mwa mtu mwenye kibali ni dhamana. Mwenye dhamana asiyejua risasi yake itafika wapi ni mtu wa hatari kwa jirani zake na mkatili kwa mnyama. Katika baridi na ukungu wa Mufindi mti wa kitako hunywa unyevu na kuvimba; ukivimba huusukuma mtutu, na bunduki iliyolenga sawa wakati wa kiangazi hukosa kwa shubiri kadha wakati wa masika. Jambo hilo halijulikani kwa kutazama kioo. Hujulikana kwa kwenda uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, kulala chini na kupiga, na kuandika alama zilipoangukia.

Tena iko elimu nyingine ambayo kosa lake laweza kumpofusha mtu. Fataki za risasi za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta maji hewani na kuzaa kutu kwa usiku mmoja. Mafuta peke yake hayaiondoi. Ni lazima mtutu uoshwe kwanza kwa maji ya moto, ukaushwe, ndipo upakwe mafuta. Vilevile bunduki za Kijerumani ziitwazo za milimita 8 ziko za namna mbili. Toka mwaka 1905 risasi ya jeshi ilibadilishwa, ikawa nene kidogo kuliko ile ya kwanza, lakini bunduki nyingi za kuwindia ziliendelea kufanywa kwa kipimo cha zamani. Risasi nene ikipigwa katika mtutu mwembamba, nguvu ya baruti hupanda kupita kiasi, na komeo laweza kumrudia mpigaji usoni. Tofauti ni ndogo kuliko unene wa ukucha wa mtoto, wala haionekani kwa jicho. Kwa hiyo bunduki ya namna hii isipigwe kabla fundi hajaupima mtutu wake, hajatazama ufa, na hajapima nafasi iliyoko kati ya komeo na tako la risasi. Iliyochoka ipumzishwe. Iliyo nzima ipigwe kwa kiasi, kwa risasi zilizo sawa nayo, na mtu aliyejifunza.

Elimu hii yote, msomaji, imeandikwa katika Kijerumani na Kiingereza. Katika Kiswahili ilikaa vichwani mwa mafundi na wabeba bunduki, na wanakufa nayo. Hapo ndipo nawageukia wenzangu wa chuo kikuu. Tumekusanya tenzi, methali na majina ya samaki, nayo ni kazi njema. Lakini tumeidharau lugha ya chuma. Mtu akitaka kuandika kwa Kiswahili safi juu ya mifuo ya mtutu, ukucha wa komeo au mvuto wa kifyatulio, hana kitabu cha kumwongoza, japokuwa wako wazee walioyataja mambo hayo kila jioni penye moto wa kambi. Lugha inayokopa jina la kila chombo wakati ambapo jina lilikwisha kuwapo kinywani mwa mzee wa Idodi au Chunya, inajifanya maskini kwa hiari.

Basi ni nini kifanywe? Nasema mambo matatu. La kwanza, mwenye kibali anayeirithi bunduki ya namna hii asaidiwe kuitunza na kujifunza kuipiga, chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, bila sharti lake hata moja kulegezwa. Mjane na watoto waelezwe kwa lugha nyepesi, mapema, ni hatua gani wazifuate, ili silaha ya marehemu isibaki chini ya kitanda kwa woga wala isitupwe ghalani kwa kutojua. La pili, isiyo na mrithi, au iliyochoka, isiyeyushwe kabla haijatazamwa na mtu wa historia. Boma la Kijerumani la Iringa limekuwa makumbusho toka mwaka 2016, na Kalenga ina yake; huko ndiko mahali pake, ikiwa imezimwa kwa usalama, na kando yake karatasi isemayo ilifanywa wapi, ilipigwa na nani, na nani alikatazwa kuipiga. La tatu, wanafunzi wapelekwe kwa mafundi, wafuata nyayo na askari wa pori wastaafu, wakaandike maneno yao na majina yao.

Mwenye kuabudu ataniona mkali, mwenye kulaani ataniona mlegevu, na mwenye kabati la kioo ataniona mharibifu. Sina neno. Bunduki ni kazi ya mikono ya watu, na kila kazi ya mikono huhukumiwa kwa mambo matatu: jinsi ilivyoundwa, jinsi ilivyotumiwa, na nani aliyenyimwa. Atakayelisema la kwanza na kuyaficha mengine anasifu. Atakayelisema la mwisho na kuyaficha mengine anatukana. Kazi ya msomi ni kuyasema yote matatu, kwa Kiswahili, wakati mashahidi bado wako hai.